Waliolala Skelgarth

Penrith, 9 Machi 2001

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti la kulia halikusumbui kama lilivyokusumbua wiki niliyoondoka. Sisi huku hatujambo. Nell bado anakohoa, lakini dawa ya kuvuta inamsaidia na kliniki iko hapo chini tu, nashuka naye kwa kigari. Kila asubuhi anasimama dirishani hapa kwa dada yangu, anatazama magari, anauliza Babu yuko wapi na mbwa yuko wapi. Namwambia Babu anawalinda kondoo na mbwa anamlinda Babu. Anaridhika, halafu anauliza tena.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hunisikii, na nikipaza sauti dada anadhani tunagombana. Ewan ananipigia kila jioni kutoka pwani. Anasema wale kondoo majike wa mwaka mmoja mliowapeleka huko kula nyasi za baridi wako salama, ila hakuna ruhusa ya kumhamisha hata mmoja, na yeye mwenyewe akitoka kwenye lile shamba harudishwi. Basi mume wangu yuko pwani, baba yake yuko mlimani, mimi na mtoto tuko mjini ulikotutuma kwa ajili ya kifua chake, na ugonjwa wa miguu na midomo uko katikati yetu. Sijui utaisha lini, lakini utaisha, Baba. Kila ugonjwa una mwisho.

Sasa kazi yako nimeianza. Uliniambia siku ile mlangoni kwamba Bwana Pattinson, msimamizi wa mashamba, anataka jibu mwisho wa Aprili: ama Ewan aandikiwe shamba la Skelgarth baada yako, ama liunganishwe na shamba la jirani. Na kwamba mwenye ardhi ni mzee anayeheshimu familia za kale, tukimwonyesha kuwa akina Mounsey hawajakatika hapo, hatatutoa. Mama wa maktaba hapa ni mpole. Amenionyesha mashine ya kusomea filamu za sensa za zamani. Unazungusha mkono wa chuma na vijiji vinapita kama mtu anayetazama nje ya treni. Mwandiko wao ni wa kuvutia lakini mgumu, na wewe unajua mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita nikaenda kuuza mikate. Hata hivyo nitasoma, herufi moja moja.

Niambie tu nianze na nani.

Binti yako katika ndoa,
Janine


Skelgarth, 15 Machi 2001

Janine,

Barua nimeipata. Mleta barua haingii tena, anaiacha kwenye ndoo yenye mfuniko kule barabarani, nami naichukua nikishapita kwenye majani yaliyolowa dawa ya kuua vijidudu. Mimi mzima. Goti ni goti. Mbwa amenona kwa kuwa hana kazi.

Anza na Isaac Mounsey, babu wa babu yangu. Yeye ndiye aliyeingia Skelgarth kwanza. Tangu yeye hadi mimi hatujatoka. Baba yangu alikuwa akisema hata moto wa jiko lile haujawahi kuwashwa na mkono usio wa Mounsey. Andika hivyo kwa Pattinson, kwa maneno mazuri. Wewe unajua kuongea, mikate umeuza kwa mdomo.

Usipoteze muda na wanawake. Wanawake wa kuolewa wanakuja na wanakwenda, unawapata na majina ya kwao, utachanganyikiwa bure. Fuata damu.

Majike wana mimba. Mwezi ujao wataanza kuzaa. Bonde la pili moshi unaonekana, wanachoma mizoga ya mifugo. Upepo ukitoka upande ule nafunga madirisha. Nimefurahi kuwa mtoto hayupo.

Mwambie Nell mbwa anamsalimu.

Baba mkwe wako,
Wilf


Penrith, 31 Machi 2001

Kwa Baba,

Hujambo Baba? Umekula? Dada ametengeneza mkate wa tangawizi, ningekuletea kama njia ingekuwa wazi. Nell amepona kikohozi kiasi, sasa ana kazi mpya ya kubweka. Anasema anamjibu mbwa.

Nimewapata watu wetu. Sikutegemea kufurahi vile. Mwaka 1851, Isaac Mounsey, mkuu wa kaya, mkulima wa Skelgarth, na mkewe Dinah. Mwaka 1861 hao hao tena, na watoto wamejaa: Hannah, Joseph, Tamar, na mdogo ambaye karani aliandika tu "mchanga, bado hana jina". Nilikaa na huyo mchanga muda mrefu. Nilimtazama Nell amelala kwenye kigari nikasema hata jina hukuwa nalo, mwenzangu, na bado walikuhesabu.

Lakini Baba, mwaka 1871 kuna jambo. Nilifika Skelgarth, nikamkuta mkuu wa kaya ni mtu anaitwa Relph, na mkewe na watoto wake. Isaac hayupo. Watoto hawapo. Nikateremka hadi mstari wa mwisho kabisa wa nyumba hiyo, nani yuko? Dinah Mounsey, ameolewa, mtumishi. Nilicheka peke yangu mpaka mama wa maktaba akaja. Nikamwambia bibi mkuu wa mume wangu alimkimbia mumewe akaingia kwa mpangaji mpya, na bado akabaki kwenye jiko lake. Tulicheka wote wawili. Kumbe akina Mounsey nao wana yao, na nyinyi mlivyo wanyoofu mezani.

Sasa sijui tumwambie nini Bwana Pattinson, maana hapo pamekatika. Tufikirie pamoja. Labda karani alikosea nyumba.

Binti yako,
Janine


Penrith, 6 Aprili 2001

Baba,

Sikuulizi u mzima, kwa kuwa Ewan ameniambia. Alisema jirani wa bonde alimpigia: watu wa serikali walikuja Jumatano wakawaua kondoo wote, na Skelgarth halikuwa hata na kondoo mgonjwa mmoja, ni kwa sababu tu linapakana na shamba lililoambukizwa. Alipomaliza kunieleza alilia, na hakukata simu. Sikuwa nimewahi kumsikia Ewan akilia na sikujua nifanye nini na kile chombo mkononi.

Nimekupigia simu mara nyingi. Inaita. Najua husikii, lakini nilitaka iite, ujue kuna mtu.

Na ile barua yangu ya mwisho, Baba, kama ingekuwa bado kwenye ndoo na ningeweza kuifikia, ningeichana. Ilikufikia siku moja kabla yao, nimepiga hesabu. Nilikuwa nacheka maktabani wakati wewe unawangoja mlangoni. Nisamehe. Mimi huwa napenda kuchekesha watu ili wasiwe na huzuni, na mara nyingine sitazami kwanza.

Huna haja ya kuniandikia mengi. Andika "nipo". Hilo tu.

Binti yako,
Janine


Skelgarth, 11 Aprili 2001

Janine,

Nipo.

Nitakuandikia mara moja halafu basi, maana jambo hili sitaki kulisema kwa mdomo.

Walikuwa vijana wapole. Hilo ndilo lililoniudhi, ningependa wawe wakali. Yule mkubwa wao alivua kofia akaniambia, "Mzee, hawatufuati. Wakitawanyika mlimani itakuwa mbaya zaidi kwao." Kondoo hamfuati mgeni, unajua. Basi nikapanda hadi kwenye geti la juu nikawaita mimi. Wakashuka wote kwa sauti yangu, wazito, na wana wao tumboni. Walidhani ni chakula. Niliwaita mimi, Janine. Sikumtuma mtu.

Hakuna sauti hapa sasa. Nikiamka nasikiliza, halafu nakumbuka.

Kuhusu Dinah. Barua yako niliisoma nikaitupa, kisha nikaiokota. Hakumkimbia mtu. Hili kwetu halisemwi, mama yangu aliniambia akiwa anakufa, na baba hakuwahi kunitajia. Mwaka wa sotoka ng'ombe wa Isaac walikufa wote, wakazikwa kwenye chokaa pale chini ya ukuta. Kodi ikamshinda. Akaenda kuchimba njia ya reli, na hakurudi, na aliko hakuna ajuaye. Watoto wakagawanywa kutumika kwenye mashamba ya watu.

Lakini kondoo walibaki. Sotoka haikuwagusa, na kondoo wa Skelgarth si wa mpangaji, ni wa shamba. Mpangaji akitoka anawaacha, anayeingia anawapokea. Na mlima wetu hauna ua. Kila jike anajua mpaka wake kwa kuwa mama yake alimfundisha, na mama yake naye alifundishwa. Relph alikuwa mtu wa nchi tambarare, hakujua jike yupi ni wa wapi. Mama alisema Dinah alimngoja mlangoni na ufunguo mkononi. Akamwambia, "Nyumba ni yako. Kondoo wananijua mimi. Nipe chakula na pa kulala." Akalala juu ya chumba cha maziwa, akapika kwenye jiko lake kama mtumishi, na kila siku alipanda mlimani. Mke wa Relph alimwita "wewe".

Sisi tuliona ni aibu. Ndiyo maana nilikuambia hatujatoka. Nilikudanganya, au nilijidanganya, chagua mwenyewe.

Sasa tazama. Dinah alibaki kwa ajili ya kondoo. Mimi nibaki kwa ajili ya nini? Mlima uko mtupu. Pattinson akija nitamrudishia Skelgarth, waliunganishe wapendavyo. Ewan atafute kazi yenye siku ya kupumzika. Wewe umlee mtoto mjini, kuna kliniki.

Acha kusoma hizo filamu, utaharibu macho.

Wilf


Penrith, 16 Aprili 2001

Kwa Baba yangu,

Nashukuru kwa "nipo". Nimeisoma hiyo kwanza, kisha nikakaa chini ndipo nikaendelea. Umekula leo? Dada amempa mleta barua soseji na mkate, akuwekee kwenye ndoo. Usimpe mbwa vyote.

Kuhusu kuwaita, nimefikiria sana na sina la hekima. Ninalojua ni kwamba nilipompeleka Nell kupigwa sindano, alilia akinishikilia mimi niliyempeleka. Muuguzi aliniambia heri awe ameshika mtu anayemjua. Sijui kama hilo linakufaa. Mimi ndilo nililo nalo.

Sikuacha filamu. Usikasirike. Nilikwenda mbele, mwaka 1881. Skelgarth. Relph hayupo. Mkuu wa kaya: Dinah Mounsey, mjane. Na pale pa kazi, Baba, karani ameandika mkulima. Joseph amerudi yupo naye, na Tamar na mume wa Tamar. Nilimwita mama wa maktaba nikamwomba asome yeye, nisije nikawa nasoma ninachokitaka. Alisoma vilevile. Hakucheka safari hii, na mimi nilimweleza kwa nini tulikosea ile mara ya kwanza.

Sensa haiulizi nani mwenye nyumba tu. Inaandika waliolala humo usiku ule. Mwaka 1871 Mounsey mmoja alilala Skelgarth. Kwa hiyo hamjawahi kutoka. Ulisema kweli bila kujua. Ila aliyewashikia nafasi hakuwa wa damu, Baba, alikuwa mwanamke wa kuolewa, wa wale uliosema wanakuja na wanakwenda. Nasema hili kwa heshima, lakini nalisema.

Na mlima si mtupu. Ewan anao wale majike wa mwaka mmoja, wazima, daktari wa mifugo amewapima. Walishapanda mlima na mama zao kiangazi kimoja. Ni masomo machache, najua, lakini hata mimi nina masomo machache na leo nasoma mwandiko wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wakirudi, si mtu anaweza kusimama nao juu kila siku, awarudishe kila wanapovuka, mpaka wakumbuke?

Nikufiche nini. Ewan amechoka. Kuna kiwanda cha matairi Carlisle kinachukua watu, na mwenzake amemwambia kuna nyumba yenye joto. Ananiuliza nasemaje. Nimemwambia asubiri, sijasema zaidi. Usimpe Pattinson jibu kabla hatujasema sote. Nakuomba.

Mwanao,
Janine


Skelgarth, 24 Aprili 2001

Janine, mwanangu,

Nimepokea soseji. Mbwa alipata moja, usimwambie dada yako.

Pattinson alikuja jana. Tulizungumza yeye upande ule wa geti, mimi upande huu, na majani ya dawa katikati, kama watu waliokatazwa kuoana. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumrudishia shamba. Nikafungua mdomo nikajikuta namweleza Dinah. Yote, na jiko, na reli, na "wewe". Sijawahi kumwambia mtu asiye wa kwetu. Aliinamisha kichwa, halafu akaniuliza kama mtu wa miaka sitini na nane mwenye goti lile ndiye atakayesimama mlimani na majike wasiojua njia. Si mjinga, Pattinson. Nikamwambia hapana. Akasema mwenye ardhi atamwandikia Ewan mkataba ikiwa kuna mtu wa kufanya kazi hiyo, miaka mitatu au minne, mvua na jua. Akisikia hakuna, linaunganishwa. Anangoja hadi mwisho wa mwezi, kama alivyosema.

Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo nikakosa namna. Mimi si mtu wa kuomba. Nimezoea kuagiza, na mwaka huu nimeagizwa.

Halafu leo imekuja fomu ya serikali kwa posta. Ni mwaka wa sensa, ulikuwa unajua? Na mimi nilidhani wameacha kutuhesabu sisi. Inauliza nani anaishi hapa, Jumapili hii. Nilikaa mezani nayo. Nikajiandika mimi. Nikamwandika Ewan, kwa kuwa hajasema amehama. Nilipofika kwenu kalamu ikasimama. Nilikufukuza mwenyewe kwa ajili ya mtoto, na nilikuwa sahihi, lakini siwezi kuandika kwamba mtu anaishi mahali nilipomtoa. Wala siwezi kuacha wazi, mkono unakataa.

Nyumba ni baridi, unaijua. Ukuta wa kaskazini unavuja. Kliniki iko mbali, na kifua cha mtoto ni kile. Kwenye mlima utalia, kila mtu analia mwaka wa kwanza, Ewan alilia na alikuwa na miaka kumi na minne. Nakwambia ili usiseme nilikuficha.

Niandikie niandike nini. Ukisema tusahau, nitaelewa, na mtakuja Krismasi.

Baba yako,
Wilf


Penrith, 26 Aprili 2001

Kwa Baba yangu mpendwa,

Natumai umeamka salama. Sisi wazima. Namwandikia mtu anayengoja, kwa hiyo sitazunguka.

Ewan nilimweleza yote jana. Akauliza goti la Baba linaendeleaje na kama bado una ile fimbo ndefu au umeivunja. Hilo ndilo jibu lake, wewe unamjua mwanao. Kiwandani hajakwenda kujiandikisha.

Daktari wa kliniki nimemuuliza. Alinipa dawa ya miezi mitatu na kifaa cha kupumulia cha nyumbani, akanionyesha mara mbili namna ya kukitumia, na nikamwonyesha mimi mara ya tatu. Alisema hewa ya mlimani haina ubaya, baridi ya ndani ndiyo mbaya. Basi ule ukuta wa kaskazini, Baba, uanze nao kabla hatujafika. Una muda sasa, kwa bahati mbaya.

Naogopa. Sikufichi nami. Naogopa ukimya ule uliousema, na naogopa kwamba nitawapoteza wale majike kwenye ukungu kwa kutojua, na watu wa bonde watasema yule muuza mikate. Nilimwambia dada akasema, "Wewe utarudi hapa kabla ya theluji." Nikamwambia labda. Lakini nitakuwa nimerudi kutoka huko, sitakuwa nimekaa hapa nikijiuliza.

Tuandike. Nell Mounsey, miaka miwili. Janine Mounsey, ishirini na mbili. Jumapili hii hatutalala hapo, barabara bado imefungwa, lakini wewe tuandike, ndiko tunakoishi.

Na pale chini wanapouliza kazi yangu, Baba, usiweke mke wa mkulima. Usiweke msaidizi. Andika mchunga kondoo.

Binti yako,
Janine